Goti la Museeuw na kitabu cha washindi

Tarehe 9 Aprili 2000 mwanamume wa miaka 34 aliingia peke yake katika uwanja wa baiskeli wa Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa, mwisho wa mbio za baiskeli za Paris–Roubaix. Kabla hajaukata mstari alichomoa mguu wa kushoto kwenye pedeli, akaunyanyua, akalinyooshea kidole goti lake. Hakuna Mbelgiji aliyehitaji kuelezwa. Aprili 1998, katika mbio hizo hizo, alikuwa ameanguka kwenye mawe ya msitu wa Arenberg, pia ya goti ikavunjikavunjika, jeraha likaingia uchafu likaoza, na mazungumzo hospitalini yakafika kwenye kuukata mguu. Sasa mguu ule ule ulikuwa umemleta nyumbani wa kwanza. Jina lake ni Johan Museeuw. Watu wa kwao, Flanders, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi, walimwita Simba wa Flanders, na siku ile jina lilimkaa sawasawa.

Picha ya pili ni ya Januari 2007. Mtu yule yule, sasa amestaafu, ameketi mbele ya waandishi wa habari akikiri kwamba mwishoni mwa safari yake ya michezo hakuwa mkweli kwa asilimia 100. Kwa lugha iliyozoeleka katika magazeti yetu, alitumia pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni.

Kila inapofika Aprili, mawe ya Flanders na Roubaix yanapoanza kupigiwa kelele, wapenzi wa mbio hizi hurudi kwenye ubishi mmoja: nani mfalme wa mawe? Na likitajwa jina la Museeuw, meza hugawanyika. Wako wanaosema ushindi wake ubaki kama ulivyo na heshima yake irudishwe yote. Wako wanaosema jina lifutwe. Nimewahi kusimama pande zote mbili kwa nyakati tofauti, kwa hiyo sitajifanya hakimu aliyeshuka kutoka mbinguni. Lakini nadhani pande zote mbili huwa zinabishania kitu kisicho chenyewe.

Tuanze na mbio zenyewe, maana msomaji aliyezoea marathoni anaweza kudhani mbio za baiskeli ni Tour de France tu. Tour ni ya wiki tatu. Ukiwa na siku mbaya leo, keshokutwa kuna mlima utakaokupa nafasi ya kufidia. Mbio za siku moja hazina keshokutwa. Paris–Roubaix ina urefu wa takriban kilomita 260, na zaidi ya kilomita 50 kati ya hizo ni njia za mashambani zilizotandazwa mawe tangu enzi za mikokoteni. Ronde van Vlaanderen, yaani Mzunguko wa Flanders, ambayo wengi huiita Flanders tu na ambayo ni mbio za taifa hasa kwa Wabelgiji wa upande ule, hukatiza vilima vifupi vilivyosimama kama ukuta, vingi vikiwa vya mawe vilevile. Waliofuatilia mashindano ya dunia ya Kigali mwaka 2025 waliona kipande kidogo cha adha hiyo pale Kimihurura: gurudumu linadunda, mikono inakufa ganzi, na anayetafuta mstari laini pembezoni anajikuta mtaroni. Na tangu Biniam Girmay wa Eritrea ashinde Gent–Wevelgem mwezi Machi 2022, mbio nyingine za siku moja za upande huo huo ambazo Museeuw mwenyewe hakuwahi kuzishinda, sisi Waafrika hatuna tena sababu ya kuziita mambo ya Wazungu.

Katika uwanja huo, hesabu ya Museeuw inatisha. Flanders mara tatu: 1993, 1995 na 1998. Roubaix mara tatu: 1996, 2000 na 2002. Ubingwa wa dunia mjini Lugano, Uswisi, mwaka 1996. Amstel Gold 1994, Paris–Tours 1993, Zurich mara mbili, Hamburg 2002. Kati ya 1989 na 2004 kulikuwa na Kombe la Dunia la mbio za siku moja, lililokusanya pointi za mbio kubwa za msimu mzima. Alilitwaa mara mbili mfululizo, 1995 na 1996, na akashinda mbio zake 11, rekodi ambayo haitavunjwa kwa kuwa kombe lenyewe halipo tena. Ila takwimu ninayoipenda mimi ni nyingine: Flanders alisimama jukwaani mara nane. Mara tatu wa kwanza, mara tatu wa pili, mara mbili wa tatu, kati ya 1991 na 2002. Mwaka 1994 Gianni Bugno alimpokonya ushindi kwa tofauti ndogo mno kwenye mstari. Mtu anaweza kubahatisha ushindi mmoja. Habahatishi kuwa pale pale mlango unapofunguliwa, miaka 11.

Na Lugano inaeleza mengi kuhusu moyo wake. Wiki moja kabla, baada ya kufanya vibaya kule Paris–Tours, alikuwa amesema anaacha baiskeli. Akashawishiwa asubiri. Tarehe 13 Oktoba 1996, siku yenyewe aliyotimiza miaka 31, alibaki wawili na Mauro Gianetti, Mswisi aliyekuwa akishangiliwa na watu wake kandokando ya barabara, akampiga katika mita za mwisho.

Kabla ya kufika kwenye sindano, haki inadai tumpime kwanza kama mwanamichezo tu, maana hata hapo si kila kitu kinang'aa. Mbio tano ndizo huhesabiwa nguzo za mchezo huu: Milano–Sanremo, Flanders, Roubaix, Liège–Bastogne–Liège na Lombardia. Rik Van Looy alizishinda zote. Eddy Merckx vivyo hivyo. Roger De Vlaeminck naye alizishinda zote, tena Roubaix mara nne. Wote Wabelgiji, wote walikuwa wametundika rekodi zao ukutani Museeuw alipokuwa mtoto au kabla hajazaliwa. Museeuw ana nguzo mbili kati ya tano. Huyu ni bingwa wa shamba moja, na shamba lenyewe liko nyuma ya nyumba yao: kazaliwa Varsenare, kakulia Gistel, katika pembe ile ile ya Flanders Magharibi.

Wanaomtetea hujibu kwamba zama zilibadilika. Miaka ya 1990 kila mpanda baiskeli alikuwa amechagua kazi yake, wa milima milimani, wa mawe kwenye mawe. Jibu hilo nalikubali kwa nusu. Zurich na Amstel si mbio za mawe, ni vilima juu ya vilima, na alizishinda. Ubingwa wa dunia wa Lugano nao ulikuwa wa kupanda. Kwa hiyo hakuwa kiwete nje ya mawe. Lakini anayetaka kumweka juu ya De Vlaeminck ana mzigo mzito wa kuubeba, na sijaona aliyeubeba akafika nao.

Halafu kuna suala la timu. Tarehe 14 Aprili 1996 watu watatu wa timu ya Mapei waliwaacha wengine wote wakaingia uwanja wa Roubaix pamoja: Museeuw, Gianluca Bortolami na Andrea Tafi. Mapei ni kampuni ya Kiitalia ya gundi na kemikali za ujenzi. Bosi wake, Giorgio Squinzi, alikuwa Milano. Meneja wa timu akampigia simu kutoka garini, na amri ikarudi barabarani: Museeuw wa kwanza, Bortolami wa pili, Tafi wa tatu. Ndivyo walivyovuka.

Kwa wengine ule ni uchafu: mbio ngumu kuliko zote zimeamuliwa na mtu aliyeketi kwenye kiti cha ofisi. Mimi nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza nilikasirika pia. Lakini tusisahau mpangilio wa mambo. Simu ilipigwa baada ya watatu hao kuwavunja wapinzani wote, si kabla. Kazi ya mawe ilikwisha fanyika. Kilichobaki kilikuwa kugawa nyama. Na katika mchezo ambao mtu mmoja hukata upepo ili mwingine apumzike nyuma ya gurudumu lake, hakuna ushindi wa mtu mmoja. Museeuw mwenyewe alianza kama mchota maji: mwaka 1989 alikuwa katika kikosi kidogo cha ADR kilichomsindikiza Greg LeMond hadi akashinda Tour de France kwa sekunde 8. Tafi naye alilipwa. Mwaka 1999 alishinda Roubaix yake, na mwaka 2002 akashinda Flanders. Aliyekuwa wa pili siku hiyo? Museeuw.

Kwa hiyo simu ya Milano naiweka kando. Inaudhi, lakini haiharibu kitu.

Pufya ni habari nyingine.

Septemba 2003 polisi wa Ubelgiji walifanya misako Flanders Magharibi wakimchunguza daktari mmoja wa mifugo. Ndiyo, wa mifugo. Ubelgiji ile wanyama walikuwa na bahati mbaya ya kusingiziwa: mwaka uliotangulia Frank Vandenbroucke, kipaji kikubwa kilichojimaliza, alikutwa na dawa nyumbani akasema ni za mbwa wake. Katika uchunguzi wa 2003 likaibuka jina la Museeuw pamoja na majina ya wapanda baiskeli wengine. Aprili 2004 alistaafu. Oktoba mwaka huo shirikisho la baiskeli la Ubelgiji likamfungia miaka miwili, adhabu ambayo kwa mstaafu ni kama kumnyang'anya leseni ya udereva mtu aliyekwisha uza gari. Januari 2007 ndipo akakiri. Desemba 2008 mahakama ya Kortrijk ikampa kifungo cha nje cha miezi 10. Na mwaka 2012 akasema lililokuwa likisemwa kwa minong'ono: katika zama zake karibu kila mtu alikuwa akitumia, na wenzake wa rika lile waache unafiki waseme.

Hakuna hata taji moja kubwa kati ya yale niliyoyataja lililoondolewa. Fungua orodha ya washindi wa Flanders leo, jina lake lipo mara tatu bila nyota wala tanbihi.

Upande wa utetezi una hoja tatu ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kisheria. Adhabu yake ilitokana na upelelezi wa polisi, na upelelezi ule ulihusu mwisho wa maisha yake ya mbio. Huwezi kumnyang'anya mtu Flanders ya 1993 kwa ushahidi wa 2003. Kanuni za kimataifa zenyewe zina ukomo: zilikuwa miaka minane, sasa ni kumi. Ukianza kuhukumu kwa kukisia, hutabakiwa na jina hata moja kitabuni.

Hoja ya pili ni ya uwanja sawa. Miaka ya 1990 ndiyo miaka ya EPO, homoni inayouongezea mwili chembe nyekundu za damu na hivyo hewa ya oksijeni kwenye misuli. Kipimo cha kuigundua hakikuwepo. Mwaka 1997 shirikisho la dunia liliweka tu kikomo: damu yako ikizidi asilimia 50 ya chembe nyekundu, unapumzishwa kwa ajili ya afya. Wajanja wakakielewa kikomo kama ruhusa ya kufika asilimia 49. Julai 1998 gari la timu ya Festina likanaswa mpakani likiwa limesheheni dawa, na dunia ikajua kwamba tatizo halikuwa la mtu mmoja mmoja. Mwaka 2007 Bjarne Riis alikiri kwamba hata Tour aliyoshinda 1996 ilikuwa ya EPO. Basi, wanasema watetezi, kama wote walikuwa wamepanda juu ya boksi, aliyekuwa mrefu bado ndiye mrefu.

Ya tatu inahusu saa, na mwanzoni ilinivutia sana. Mwaka 1964 Peter Post wa Uholanzi alishinda Roubaix kwa mwendo wa wastani wa kilomita 45.129 kwa saa. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2017. Yaani zama zote za EPO zilipita, akina Museeuw na wenzake wakaja wakaondoka, hakuna aliyemfikia mtu wa baiskeli ya chuma. Kama dawa ilikuwa injini, mbona haikuonekana kwenye saa?

Sasa tuzigeuze hoja hizo upande wa pili. Ile ya saa inaanguka mapema. Roubaix haishindaniwi na saa. Inategemea upepo umetoka wapi, mvua imenyesha kiasi gani, na kundi limeamka na hasira au na usingizi. Wakati wa Post upimaji wa dawa katika mbio hizi haukuwa umeanza, kwa hiyo hata huo mwaka 1964 si kipimo cha usafi. Zaidi ya hapo, dawa hii humsaidia mtu aweze kulipuka mara ya saba na ya nane pale ambapo mwenzake ameishiwa mara ya tano. Hilo huliona kwenye umbali kati ya wa kwanza na wa pili, mwendo wa wastani haukuonyeshi.

Hoja ya uwanja sawa ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Miili haiitikii dawa kwa kiwango kimoja. Mtu ambaye kwa asili damu yake iko asilimia 40 ana nafasi kubwa ya kupandishwa hadi 49. Aliyezaliwa na 47 hana pa kwenda. Kwa hiyo boksi la kila mtu lilikuwa na kimo chake, na huwezi kujua nani alikuwa mrefu kabla hajapanda. Na pesa nazo zilikuwa na la kusema: timu kubwa ina daktari mzuri, timu ndogo ina uvumi. Lakini ninachokiona kibaya zaidi katika hoja hii ni kwamba inawahesabu walioonekana tu. Vipi kuhusu kijana wa Gistel au wa Gent aliyefika kwenye kundi la wataalamu mwaka 1994, akaelezwa mambo yalivyo, akakataa, akarudi kuwa fundi bomba? Yeye hakumaliza wa pili nyuma ya mtu yeyote. Hayumo kitabuni hata kwa herufi ndogo. Ukisema wote walitumia, umemfuta mara ya pili.

Inabaki hoja ya sheria, na hapa jirani zetu wana la kutufundisha. Rita Jeptoo wa Kenya alipokutwa na EPO Septemba 2014, rufaa ya mwaka 2016 iliurudisha muda nyuma hadi Aprili 2014. Ushindi wake wa Boston mwaka ule ukaenda kwa Buzunesh Deba wa Ethiopia, na wa Chicago nao ukaondoka. Boston alizoshinda kabla ya hapo, 2006 na 2013, zikabaki zake. Watu wengi kwetu walilalamika kwamba mwanamke wa Kiafrika kanyang'anywa huku Wazungu wa baiskeli wakiachiwa vikombe vyao. Kilio hicho nakielewa, ila mstari uliochorwa ni ule ule: kinaondoka kile ambacho ushahidi unakigusa. Tofauti ni kwamba Jeptoo alikuwa na sampuli yenye tarehe. Museeuw alikuwa na jalada la polisi na maneno ya kinywa chake.

Na maneno hayo ndiyo yananisumbua kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Yasome tena: mwishoni mwa safari. Ukiangalia kabati lake la vikombe, mwishoni mwa safari hakuna kikubwa. Mwaka 2003 alishinda Omloop Het Volk, mbio za kufungua msimu Ubelgiji, nzuri lakini si nguzo. Lugano iko salama. Flanders tatu ziko salama. Roubaix tatu ziko salama. Ungamo la 2007 lilikatwa na fundi cherehani kulingana na vipimo vya jalada la polisi, halikuzidi hata inchi moja pale ambapo wapelelezi walikuwa wamekwisha fika. Siwezi kusema alitumia mwaka 1996, maana hilo silo lililothibitishwa. Ninachosema ni kwamba alichagua kukiri mahali ambapo kukiri hakukumgharimu kitu. Mwaka 2012 aliupanua mlango kwa kuzungumzia zama nzima, na kwa hilo anastahili sifa kuliko wengi wa rika lake ambao mpaka leo wamefunga midomo. Lakini zama nzima ni kichaka kizuri pia. Mtu hujificha ndani ya wote vizuri kuliko ndani ya mimi.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tatizo la chombo hiki ni kwamba fundi mwenyewe ametuonyesha ubao mmoja uliooza, wa nyuma kabisa, akatuambia tusiguse mingine.

Nasimama wapi basi? Kitabu kisifutwe. Si kwa sababu anastahili, bali kwa sababu hakuna wa kumpa. Ukimwondoa Museeuw Flanders ya 1993 utamkabidhi nani na kwa ushahidi gani? Wenye mamlaka walijaribu mchezo huo na Riis, waandaaji wa Tour wakamwondoa 2007, mwaka uliofuata wakamrudisha na kinyota pembeni, wakabaki wakionekana kama watu waliohamisha kabati chumbani na kulirudisha. Kwa Lance Armstrong ilikuwa rahisi zaidi kwa kuwa palikuwa na ushahidi wa watu wengi uliofunika miaka yenyewe, na hata hapo zile Tour saba zimeachwa wazi, hazina mshindi.

Lakini kubaki kitabuni ni jambo moja, na kuitwa bora kuliko wote ni jambo jingine. Hapo ndipo ninapoachana na watetezi wake. Yapo mambo ambayo hakuna sindano inayoyatoa. Kujua upepo utageuka kwenye kona ipi. Kukaa nafasi ya tano na si ya kumi na tano kabla ya Muur van Geraardsbergen, kilima maarufu cha mawe cha Flanders, pale wote wanapopigania upana wa barabara wa mita nne. Kurudi Arenberg na goti lililoshonwa, ukaiona njia ile ile ya msituni, usifunge breki. Mwaka 2000 alichomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 50 akiwa na Frankie Andreu tu, kisha akamwacha naye, akafika na sekunde 15 mbele ya Peter Van Petegem. Hesabu ile ya kugawa nguvu, ya kujua kwamba sekunde 15 zitatosha, ni ya kichwani. Kwa hayo ninamvulia kofia hadi leo. Ila siwezi kumpima kwa mizani ya De Vlaeminck au ya Tom Boonen wakati yeye mwenyewe ameshikilia jiwe moja la mizani mfukoni.

Boonen, kwa njia, alikuwepo. Aprili 2002, siku ya tope, Museeuw wa miaka 36 alishinda Roubaix yake ya tatu kwa zaidi ya dakika tatu, akainua vidole kumi kuhesabu ushindi wake wa kumi wa Kombe la Dunia. Wa tatu alikuwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa akiendesha kwa timu ya Kimarekani, na mkongwe akasema mrithi wake ndiye huyu. Hakukosea. Boonen angezishinda Roubaix nne, moja zaidi yake.

Ile ya nne Museeuw aliikaribia mara ya mwisho Aprili 2004. Alikuwa na miaka 38, jalada la polisi likiwa wazi tangu Septemba, na zikiwa zimebaki kilomita zisizofika 10 alikuwa na wanaoongoza. Kama angeshinda, angemfikia De Vlaeminck, na ushindi wenyewe ungeangukia ndani ya kipindi ambacho baadaye angekikiri kwa kinywa chake. Shirikisho lisingeweza kutazama pembeni. Waandaaji wangelazimika kuamua hadharani kama jina linabaki au linatoka, na ubishi wetu wa kila Aprili ungekuwa na hukumu ya kuurejea. Akapata pancha. Magnus Bäckstedt wa Sweden akashinda, Museeuw akaingia uwanjani wa tano, sekunde chache nyuma, na kitabu hakikulazimika kujibu kitu.